Mjomba, mbwa wetu anaharisha kila wiki na mfukoni nina 1,200

Hujambo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Mwiki, huku Kasarani. Nina banda la kuku nyuma ya nyumba na ninauza mayai. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha, ukijumlisha na vibarua vya baba watoto. Kabla ya kumpata Simba, wezi walikuwa wakijihudumia usiku bila hata kujificha. Tangu aje, na huu ni mwaka wa nne, sijaibiwa hata kifaranga.

Sasa Simba anaumwa tumbo. Si ugonjwa wa kumlaza chini. Tangu mvua ya Aprili ianze anaharisha siku mbili tatu, anatulia, halafu wiki ikigeuka anaanza upya. Choo ni laini, kina kamasi, na mara mojamoja nimeona mstari wa damu nyekundu. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Usiku wa kuamkia siku hiyo hutapika pia. Bado anakula, bado anabweka vizuri, lakini mbavu zimeanza kuhesabika na manyoya yamefifia.

Chakula chake ni ugali wa unga wa mbwa, ule unaouzwa kwa kilo pale posho mill. Naupika na omena, au na matumbo ninayopewa kwa bucha mwisho wa siku. Jumapili baba watoto akitoka kula nyama choma na wenzake huja na mfuko wa mifupa, na hapo Simba anafanyiwa sherehe.

Nilimpeleka kliniki moja ya wanyama. Kabla hajaguswa, dada wa mapokezi aliniandikia makadirio: kumwona daktari, kupima damu, picha ya tumbo, dripu. Jumla 9,500. Mjomba, hiyo ni karo ya mtu. Nikasema natoka kidogo kutoa pesa kwa M-Pesa, nikaondoka na mbwa wangu na sikurudi. Mpaka leo nikipita hapo nakwenda upande ule mwingine wa barabara.

Tangu siku hiyo kila mtu amekuwa daktari. Jirani ameniletea Flagyl ya maji iliyobaki mtoto wake alipopona. Shemeji anasema ni maumivu, nimpe Panadol. Kijana wa agrovet aliniuzia kidonge cha minyoo cha ng'ombe, nimpe robo. Mama mmoja wa kanisani anasema maziwa na mkaa uliosagwa. Vyote viko kwenye rafu, sijampa hata kimoja. Naogopa, kwa sababu mwaka jana tulikuwa na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Alianza kutapika Jumanne, akaharisha damu yenye harufu ambayo sijawahi kuinusa mahali pengine, na Alhamisi akafia mikononi mwa binti yangu.

Huyo binti sasa yuko kidato cha pili na kila jioni anakagua choo cha Simba kabla ya kushika kitabu. Baba watoto anasema mbwa ni mbwa, na hali ikiendelea hivi atampakia kwenye boda akamwache Ruai. Jirani naye anataka kutupa mtoto mwingine wa mbwa, "wa akiba". Na kitinda mimba wangu ana miaka 2, anacheza kwenye uwanja huohuo.

Nimeweka kando 1,200. Nizitumie vipi? Na je, ni dhambi kutumia pesa ya watoto kwa mbwa?

Mama Kuku, Mwiki

*

Mama Kuku,

Hiyo 1,200 iache ilipo mpaka umalize kusoma, kwa maana sehemu kubwa ya jibu langu ni vitu ambavyo hupaswi kununua.

Suala la dhambi tulimalize haraka. Askari wa usiku angekudai mshahara kila mwisho wa mwezi. Simba amelinda banda miaka minne kwa ugali na omena, kwa hiyo ukimtibu humpi sadaka. Tuendelee.

Kwanza ile rafu. Ulifanya vyema kusubiri, na sasa nitakuambia kwa nini kila kimoja kibaki hapo au kiende kwa pipa. Panadol iondoe kabisa. Mwili wa mbwa hauisagi dawa hiyo kama wetu. Ikizidi inaharibu ini lake na damu yake, na kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Brufen na diclofenac, nazo dawa za maumivu, ni hatari vilevile, hizo hutoboa tumbo na kuumiza figo, na huyu tayari tumbo lake lina malalamiko. Flagyl ni kweli madaktari wa mifugo huitumia wakati mwingine, lakini kwa kipimo cha uzito na kwa sababu iliyopatikana. Ikizidi humfanya mbwa ayumbe na kutetemeka. Isitoshe, dawa za maji za watoto hutiwa vitu vya kuzifanya tamu, na kimoja kati ya hivyo, zailitoli, ni sumu kwa mbwa. Dawa ya mabaki ya mtoto wa jirani si dawa ya Simba.

Kidonge cha ng'ombe kilinifanya niweke barua chini kidogo. Vingi vya vidonge hivyo ni albendazole, na kwa mbwa dawa hiyo imeonekana kudhuru uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Halafu robo ya kidonge cha mnyama wa kilo mia tatu au mia nne, kilichokatwa kwa kisu cha jikoni, nani anajua ni kipimo gani? Kijana wa agrovet huenda ni mtu mwema. Lakini Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayomtaka kila daktari wa mifugo na kila msaidizi wake aliyesomea kazi hiyo asajiliwe na Kenya Veterinary Board. Muulize kama amesajiliwa. Kama yuko hapo kwa kuuza tu, auze chakula cha kuku.

Maziwa yatamwongezea kuhara, kwa sababu mbwa wengi wakishakua hawawezi kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Mkaa wa jikoni si ule mkaa wa dawa wa hospitali; utabadilisha rangi ya choo, na binti yako atakosa kuona kama kuna damu.

Sasa nikuambie nilichokiona kwenye barua yako, kwa sababu umeniandikia zaidi ya ulivyodhani. Umesema Jumatatu ndiyo mbaya kuliko zote. Umesema pia Jumapili kuna mfuko wa mifupa. Mifupa iliyochomwa huwa mikavu, hukatika vipande vyenye ncha, hukwaruza utumbo na wakati mwingine huukwamisha au kuutoboa. Yale mafuta na chumvi vilivyoshikamana nayo vinatosha peke yake kumtapisha mbwa usiku na kumharisha asubuhi. Wakati mwingine mafuta mengi ya ghafla huwasha kongosho, na hapo mambo huwa mazito. Kwa hiyo dawa ya kwanza haikugharimu kitu: mifupa ya nyama choma ikome. Si kupunguza, ikome. Najua baba watoto anaileta kwa upendo, na kwamba hiyo ndiyo saa yao wawili. Atafute furaha nyingine ya kumletea.

Jambo la pili: umesema kuhara kulianza na mvua. Mvua hufanya mambo mawili. Huloanisha udongo, na mayai na viluwiluwi vya minyoo hupenda udongo wenye unyevu. Na huloanisha magunia ya mahindi. Ule unga wa mbwa wa bei nafuu mara nyingi husagwa kutoka kwa mahindi ambayo watu wameyakataa, na mahindi yenye ukungu huwa na sumu ya aflatoksini. Wakenya hatuhitaji kuelezwa sumu hiyo kwa mbali. Mwaka 2004 ilitokea Ukambani na watu 125 wakafa. Mbwa nao ni dhaifu sana mbele yake, na kuupika ugali hakuiondoi. Sisemi Simba ana sumu hiyo. Mbwa mwenye sumu nyingi kwa kawaida hukataa chakula, fizi na macho huwa ya njano, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Ukiona hayo usingoje hata siku moja. Lakini unga huo uache leo, na usiwape kuku wako pia, maana mayai yao ndiyo biashara yako.

Utampa nini basi? Wewe una mayai yenye nyufa yasiyouzika. Hicho ni chakula cha mgonjwa ambacho wenye mbwa wa Karen wanakinunua. Chemsha mchele mpaka uwe laini, ule uliovunjika wa bei ya chini unatosha, kisha changanya vikombe viwili vya wali na kikombe kimoja cha mayai yaliyochemshwa na kupondwa. Usitie chumvi, mafuta, kitunguu wala kiungo cha mchuzi. Kitunguu chenyewe huharibu damu ya mbwa. Mpe kidogokidogo mara nne au tano kwa siku badala ya sufuria moja la jioni. Akiwa ametapika, mwache saa kadhaa bila chakula tumbo litulie, usiku mmoja unatosha kwa mbwa mkubwa, kisha anza na vijiko vichache. Usimfungishe mtoto wa mbwa kwa njia hiyo, na paka usimfungishe kabisa, kwa sababu paka asiyekula siku mbili ini lake huanza kujaa mafuta.

Endelea na wali na mayai mpaka choo kishike umbo kwa siku mbili tatu, halafu rudisha chakula chake cha kawaida polepole, robo, nusu, robo tatu. Omena si mbaya ukiiosha chumvi na mchanga. Matumbo ya bucha yachemshe yaive kabisa na uyatoe mafuta. Mabichi usimpe kamwe, hasa ini na mapafu yenye malengelenge ya maji: humo mna viluwiluwi vya tegu mdogo ambaye mbwa humleta nyumbani, kisha watu wakaota uvimbe kwenye ini. Wenzetu wa Turkana wanaujua ugonjwa huo vizuri kuliko wanavyotaka.

Maji yawepo muda wote, safi, kidogokidogo kama anatapika. Ile ORS ya pakiti ya watoto, isiyo na ladha ya matunda, unaweza kuichanganya kama pakiti inavyosema na kumwachia alambe vijiko vichache kila nusu saa. Ikifika kesho yake imwage. Asipotaka usimlazimishe kwa bomba mdomoni, na hasa usiweke mkono ndani ya mdomo wa mbwa anayetokwa mate ovyo, aliyebadilika tabia au asiyeweza kumeza. Kichaa cha mbwa huanza hivyo wakati mwingine, na watu hudhani amekwamwa na mfupa.

Mfundishe binti yako kitu kimoja, kwa sababu huyo mtoto ana jicho la daktari na lisipotee bure. Amwinue Simba mdomo wa juu, abonyeze ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha aachie. Rangi ya waridi irudi kabla hajamaliza kuhesabu mbili, na ufizi uwe na unyevu. Kama fizi za Simba ni nyeusi, kama walivyo wengi, aangalie ndani ya kope ya chini. Na avute ngozi ya juu ya mabega kidogo. Ikisimama kama hema badala ya kurudi mahali pake, maji yamekwisha mwilini. Ayaandike hayo kwenye daftari pamoja na chakula na choo cha siku hiyo. Daftari hilo litakupunguzia gharama kuliko unavyofikiri, kwa sababu daktari akipata historia nzuri huwa hana haja ya kupima kila kitu.

Sasa pesa. Nakushauri ianze na kupima choo.

Choo cha Simba kinaweza kupanda matatu hata kama Simba hawezi. Makondakta wengi hawatamkubali mbwa mkubwa, na kumkodia gari kutoka Mwiki hadi upande wa pili wa mji ni pesa ambayo ingelipa dawa. Kwa hiyo chukua kijiko kimoja cha choo kibichi cha siku tatu tofauti, kila kimoja kwenye kikopo safi chenye kifuniko, andika tarehe, weka mahali pa baridi bila kugandisha. Siku tatu kwa sababu vijidudu vingine, kama giardia, hujitokeza leo na kujificha kesho. Kupima choo kwa darubini ni kipimo cha bei ya chini kabisa katika tiba ya wanyama, na kwa mbwa wa kuhara na kupona, mwenye kamasi na damu kidogo, ndicho chenye majibu mengi zaidi.

Na kina maana zaidi kuliko kununua dawa ya minyoo moja kwa moja. Minyoo si aina moja. Kuna safura inayonyonya damu, na kuna tegu anayeletwa na viroboto, utaona chembe nyeupe karibu na mkia. Kuna pia minyoo myembamba yenye umbo la mjeledi inayokaa kwenye utumbo mpana na kuleta kuhara kwa vipindi kwenye kamasi na damu, karibu neno kwa neno kama barua yako. Dawa nyingi za bei nafuu za mbwa zina pyrantel na praziquantel, ambazo huua aina zile za kwanza na kuiacha ya mjeledi ikiendelea na maisha. Hiyo huhitaji fenbendazole au febantel, na kurudiwa baadaye. Sasa ungejuaje bila darubini?

Kabla ya dawa yoyote mpime uzito. Wale vijana wenye mizani ya barabarani wanaokupima kwa kumi bob watakuchekelea, waache wacheke: panda peke yako, kisha panda umembeba Simba, toa. Vidonge vingi vya minyoo vya mbwa ni kimoja kwa kila kilo 10, lakini soma pakiti.

Upeleke wapi? Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo pale Upper Kabete, karibu na Kangemi, na humo kuna kliniki ya wanyama wadogo. Ni mahali wanafunzi wanajifunza chini ya walimu wao, kwa hiyo utasubiri na mbwa wako atatazamwa na macho mengi, na hayo macho mengi ni faida. KSPCA, chama cha kuwatunza wanyama kilicho Langata Road kule Karen, nacho kina kliniki na kimezoea watu wasio na pesa nyingi. Vyote viwili ni mbali na Mwiki. Piga simu kwanza, uliza bei, uliza kama wanapokea choo bila mbwa, uliza siku gani. Daktari atataka kumwona Simba kabla ya kumwandikia dawa nzito, na ana haki. Lakini utakuwa unasafiri ukijua unakwenda kufanya nini.

Kuhusu ile kliniki uliyotoroka, mimi ningerudi. Makadirio yale yalikuwa ya kila kitu kinachoweza kufanyika, na hakuna aliyekuuliza unaweza nini, wala wewe hukusema. Ingia, mwambie daktari mwenyewe, si mapokezi: "Nina 1,200. Mbwa wangu ana shida hii, daftari hili hapa, picha za choo ziko kwenye simu. Tungeanza na nini, na nini kinaweza kusubiri?" Daktari wa kweli amesikia swali hilo mara nyingi na ana jibu lake: tiba huwa na ngazi, na picha ya tumbo si ngazi ya kwanza kwa mbwa anayekula na kubweka. Uliza pia kama unaweza kulipa kwa awamu. Akikudharau, basi umejua mapema. Usikubali tu kitu kimoja: sindano bila kuguswa tumbo, kupimwa joto na kuelezwa ni sindano ya nini. Wako wanaotembea mitaani na mkoba wakidunga kila mbwa dawa ileile. Hapo ndipo mtu hulipa 500 leo, 500 wiki ijayo, na mwisho wa mwezi amefika ile bei aliyoikimbia.

Kuna hali ambazo haya yote hayana maana, na unakopa chama, unauza kuku, unakwenda. Akitapika kila kitu hata maji. Damu ikiwa nyingi, au choo kikiwa cheusi na kinanata kama lami, maana hiyo ni damu iliyotoka juu. Tumbo likivimba na akawa anajikamua kutapika bila kutoa kitu. Mbwa mwenye kifua kirefu anaweza kufa kwa hilo ndani ya saa chache. Fizi zikiwa nyeupe. Akishindwa kusimama. Ukihisi amekula sumu ya panya, chukua pakiti yake uende nayo, usimtapishe mwenyewe. Uzi ukionekana umening'inia nyuma au mdomoni, kwa paka hasa, usiuvute.

Na ikiwa siku hiyo daktari atakuambia tiba haiwezekani kwa uwezo wako na mnyama anateseka, kumdunga sindano ya kumpumzisha ni huduma pia, na inagharimu kidogo kuliko kumtesa wiki nzima. Sidhani Simba yuko karibu na hapo. Nakuambia kwa sababu watu wengi huona haya kuuliza.

Kwa mtoto wako wa miaka 2: choo cha Simba kiokotwe kila siku, kabla hakijakauka. Mayai ya minyoo ya mbwa huhitaji siku kadhaa kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, yakishafika hapo hukaa miaka, na watoto hula udongo, wote. Safura yenyewe huingia kupitia ngozi ya mguu, kwa hiyo ndara zivaliwe uwanjani. Mikono kwa sabuni. Ukienda na mtoto kliniki, muulize muuguzi habari ya dawa ya minyoo yake.

Baba watoto usibishane naye juu ya mapenzi ya mbwa. Mwambie kumtupa mnyama wako ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, kisha muulize nani atalala nje na kuku. Simba akipona, tenga 50 kila wiki kutoka kwa mayai, kwenye akaunti ya simu iliyofungwa. Kutoka humo dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na chanjo ya kichaa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na siku za karibu na hapo chanjo ya bure hutolewa sehemu nyingi nchini. Sikiliza redio, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti.

Yule mtoto wa mbwa aliyekufa mwaka jana, kwa jinsi ulivyoeleza harufu, umri na kasi, nadhani alikuwa na parvo. Mwambie binti yako hivi: bila dripu watoto wengi wa mbwa wenye ugonjwa huo hufa, na hakuna kitu jikoni mwenu ambacho kingemwokoa. Simba mwenyewe usihofu sana, mbwa mzima aliyekaa na ugonjwa huo uwanjani bila kuugua kwa kawaida ana kinga, ingawa chanjo bado ni vizuri.

Lakini virusi vya parvo hukaa ardhini zaidi ya mwaka. Sakafu ya saruji na vyombo unaweza kuviosha kwa sabuni, kisha Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza, bila kuichanganya na dawa nyingine ya kusafishia. Udongo hausafishiki. Kwa hiyo jirani mwambie mtoto wake wa mbwa abaki kwake. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16. Akija kwako kabla ya hapo anakuja kuzikwa. Jirani akimleta na kadi yenye mihuri ya chanjo hizo zote, mpokee. Akija na mbwa bila kadi, mpe chai, arudi naye nyumbani.

Mjomba